Bega la Ganda

Ulimwona. Usiniambie hukumwona. Jumatano ile asubuhi ulipita na gari lako kwenye barabara ya korongo, ukapunguza mwendo, ukatazama upande wa malisho, ukaona elki dume, kulungu mkubwa wa milima yetu, amelala juu ya theluji hatua sitini tu kutoka kwenye lami, mkubwa kama farasi, hana kichwa. Ulitazama kiasi cha kuvuta pumzi mara mbili. Kisha ukaongeza sauti ya redio, ukaenda zako kazini. Na Jumanne jioni uliona kingine pia. Tutafika huko.

Verna Jabeth hakuongeza sauti ya redio. Alisimamisha gari, akaruka uzio, akaenda.

Verna ni afisa wa wanyamapori wa kabila letu, Nimiipuu. Kazini ana miaka kumi na tisa. Amekagua mizoga mingi kuliko milo aliyokula mezani kwake, lakini siku ile alipofika kwa yule dume alivua kofia. Sote tulimjua mnyama yule. Pembe zake zilikuwa na matawi saba kila upande. Septemba alipolia, sauti ilianzia chini kifuani kama mlango mzito unaoburutwa, ikapanda ikawa filimbi, ikajaza korongo zima, na watu walioshika vikombe vya kahawa vibarazani walivishusha. Sasa bega lake, ingawa amelala, lilimfikia Verna kiunoni. Aliingiza mkono ndani ya manyoya ya shingo, ukazama hadi kwenye kifundo. Ndani kabisa bado kulikuwa na joto.

Kisha alivaa kofia, akatoa kisu.

Risasi ilikuwa imeingilia nyuma, kwenye paja, ikapasua utumbo na kukwama kwenye mbavu. Aliikuta imefunguka kama uyoga. Aliipima uzito, akaipiga picha, akaifunga kwenye bahasha. Nyama yote, kilo mia mbili na zaidi, ilikuwa imeachwa ioze. Kilichochukuliwa ni kichwa tu.

Juu ya mwamba unaotazama malisho, mwendo wa hatua mia nne, askari wa sherifu aliokota ganda moja la risasi. Kwenye kitako chake kulikuwa na maandishi: 30-06. Ni kipenyo tunachokiita thelathini-sita. Kufika adhuhuri, Orrin Halfmoon alikuwa rumande, kwa sababu Orrin anawinda kwa thelathini-sita, na kwa sababu lori lake lilionekana barabarani Jumanne. Basi. Wilaya nzima ina thelathini-sita nyuma ya mlango. Lakini Orrin ndiye anayewinda kwa mkataba wa 1855, mkataba unaotuachia haki ya kuwinda, ambao baba za hawa weupe waliutia saini na wao wanaumwa tumbo kila wakiusikia. Mwaka 1863 walichukua sehemu tisa kwa kumi za ardhi tuliyobakiwa nayo. Miaka mia moja na sitini baadaye wamegundua kwamba bado tuna bunduki na hamu ya kula nyama. Mimi sisahau. Ndiyo kazi yangu.

Ijumaa asubuhi Verna alikwenda kumwona Orrin, mjomba wake. Kesi ilikuwa saa tisa alasiri. Hakimu angeamua jambo moja: Orrin aachiwe, au akae ndani hadi majira ya kuchipua, msimu wote wa uwindaji upite. Na Orrin ndiye anayeleta nyama kwenye misiba yetu. Nyumba ya Bi Leona, shangazi yake Verna, ilikuwa na msiba, na watu wangekula pale Jumapili.

"Umeniletea nini?" Orrin aliuliza kutoka nyuma ya nondo.

"Mkate wa kukaanga. Shangazi Leona amesema ukila bila kusali atajua."

"Atajuaje?"

"Hakusema."

Orrin alifumba macho kama mtu anayehesabu hadi tatu, akafumbua, akaumega mkate.

"Mjomba, leo nijibu kama unajibu afisa. Usinijibu kama mpwa wako."

"Basi vaa kofia."

Verna alivaa kofia. "Bunduki yako?"

"Thelathini-sita ya marehemu baba. Unaijua. Ilikuvunja pua una miaka kumi na miwili."

"Haikunivunja. Ilinitoa damu."

"Ulilia kama uliyevunjwa."

"Dukani kuna bunduki za magnum za kila aina. Zinapiga mbali mara mbili. Kwa nini umeng'ang'ania hiyo?"

"Zinapiga mbali kwa ajili ya watu wasiopenda kutembea." Orrin alifuta mafuta vidoleni. "Sikiliza, afisa. Elki dume ana kilo mia nne. Mfupa wa bega lake ni mnene kama mkono wako, na juu yake kuna misuli, na juu ya misuli kuna manyoya yenye matope yaliyokauka. Ukimpiga kwa risasi nyepesi yenye mbio, inapasukia juu juu. Jeraha la kutisha, na mnyama anakwenda kufia wilaya ya jirani. Mimi nataka risasi nzito. Greni mia na themanini. Ifunguke taratibu na iendelee kwenda. Iingie nyuma ya bega, ipite mapafu yote mawili, itokee upande wa pili. Hatua hamsini. Mia moja nikiwa na njaa sana."

"Risasi niliyoitoa kwenye mzoga ni ya greni mia na themanini."

Orrin aliacha kutafuna.

"Kampuni ileile unayotumia," Verna aliendelea. "Boksi jekundu, lile linalouzwa dukani kwetu."

"Basi nimekwisha."

"Bado. Mimi mwenyewe nilitarajia risasi ikutoe humu. Imegoma. Sasa natafuta kingine."

"Iliingilia wapi?"

Verna alisita. "Matakoni."

Orrin alisimama. Miaka hamsini na minane ya magoti mabovu, na alisimama kama askari. "Wananishtaki kwamba nilimpiga dume yule matakoni?"

"Wanakushtaki kwa kuua kwenye malisho ya mtu, kukata kichwa na kuacha nyama."

"Hayo wataongea mawakili. Lakini matakoni! Verna, hata wakinifunga, waandike nilimpiga kifuani. Nina wajukuu."

Mlinzi wa mlangoni alicheka, akajifanya anakohoa. Verna hakucheka. Aibu ya mjomba wake si ushahidi, na alilijua hilo.

"Swali la mwisho. Maganda yako unayaacha wapi ukishafyatua?"

"Siachi ganda mlimani. Mlima si jalala. Yako kwenye mfuko wa koti la kijani, kwa Leona."

Nusu saa baadaye Verna alikuwa kwenye dirisha la vielelezo katika ofisi ya sherifu, na maganda matatu ya Orrin kiganjani. Karani hakumruhusu kuondoka na ganda la mwambani. Alimruhusu kulitazama juu ya karatasi, kulipiga picha, kulizungushia penseli. Verna akalilaza la nne kando ya yale matatu.

Alitazama. Akainama. Akatoa miwani.

Maganda ya Orrin yalikuwa na bega lililoteremka polepole kuelekea shingoni, kama chupa ya bia. Ganda la mwambani lilikuwa na bega lililokaa karibu mraba, na tumbo lililonyooka. Maandishi ya kitako ni yaleyale, 30-06. Kampuni ni ileile. Sura ni tofauti kabisa.

"Kuna nini?" karani aliuliza.

"Hakuna," alisema Verna, na sauti ilimtoka kama ya mtu aliye kanisani.

Hebu elewa alichokiona, maana mimi nilipoelezwa nilikaa chini. Unapofyatua, moto wa baruti unalivimbisha ganda la shaba. Kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, shaba inakuwa kama unga uliokandwa. Inajaza chumba cha bunduki, pale risasi inapokaa, inashika kila pembe na kila mkwaruzo, kisha inapoa. Ganda linalotoka si lile lililoingia. Limechukua sura ya bunduki iliyolitema. Maandishi ya kitako yanasema lilikozaliwa kiwandani. Bega linasema lilifia wapi.

Na lile halikufia kwenye bunduki ya Orrin.

Zamani wawindaji wetu wengine, wekundu kwa weupe, walitaka nguvu zaidi kwa ajili ya elki bila kununua bunduki mpya. Walipeleka thelathini-sita zao kwa fundi, akazichonga chumba kiwe kipana zaidi, kiingize baruti zaidi. Mtutu unabaki na namba ileile. Risasi ya kawaida ya dukani bado inaingia na inafyatuka salama. Lakini inatoka imebadilika bega. Katika korongo letu fundi aliyechonga hivyo alikuwa mmoja, Harlan Tveit, mzee mwenye sikio moja linalofanya kazi na ulimi unaofanya kazi ya ndimi mbili.

"Nimefunga!" Tveit alipiga kelele Verna alipofungua mlango.

"Mlango uko wazi, mzee Tveit."

"Mlango uko wazi. Mimi nimefunga."

Karakana ilinuka mafuta ya mashine na msonobari. Verna alitandaza picha juu ya meza ya kazi. Mzee aliziangalia kwa jicho moja, kisha kwa yote mawili, kisha akajitia kutafuta tupa.

"Hiyo ni kazi yako," alisema Verna.

"Kazi ya mtu yeyote mwenye kichongeo."

"Nani mwingine ana kichongeo?"

"Sisikii upande huo."

Verna alizunguka meza, akahamia kwenye sikio zima. "Ulichonga bunduki ngapi?"

"Binti, hao ni wateja wangu. Nimekula kwao. Nimezika nao. Sherifu mwenyewe nimemtengenezea bastola. Unataka nisimame mahakamani niseme nini? Niende wapi kunywa kahawa baada ya hapo?"

Ndivyo wanavyosema wote. Nimesikia sentensi hiyo maisha yangu yote, na kila mara mtu wetu amefungwa ndani huku mtu mwingine anaogopa kupoteza kahawa.

Verna hakubishana. Alitoa picha moja zaidi, akaiweka juu ya nyingine. Dume, theluji, shingo isiyo na kichwa.

Tveit alikaa kwenye kigoda.

"Yule wa matawi saba," alisema mwishowe.

"Ndiye."

"Nilimlenga vuli sita. Sita, binti. Darubini iko juu ya bega lake, kidole kiko kwenye kifyatulio. Kila mara alikuwa anainua kichwa na kunitazama, na mimi nashusha bunduki kama mpumbavu. Sijamwambia mtu. Wangenicheka." Alipapasa ukingo wa picha. "Nyama ilichukuliwa?"

"Iliachwa yote."

Mzee aliinuka, akaenda nyuma ya karakana, akavuta pazia la gunia.

Verna aliingia na akasahau kupumua. Ukuta mzima ulikuwa ubao wa msonobari, na juu ya ubao maganda yamesimama kwenye misumari, safu kwa safu, yanang'aa kama madhabahu. Kila bunduki ambayo Tveit aliichonga, aliijaribu kwa risasi moja, na ganda la kwanza alilibakiza, akaandika chini yake jina na mwaka. Miaka arobaini ya bunduki zote za milima ile, kila moja imeacha sura yake pale. Wengine walikuwa wamekufa. Ganda la baba yake Verna lilikuwepo, safu ya pili, kipenyo kingine. Aliligusa kwa kidole kimoja, kisha akarudi kazini.

"Thelathini-sita zilizopanuliwa?"

"Safu ya chini. Kumi na moja."

Bega lilikuwa moja kwa zote kumi na moja, kwa kuwa kichongeo kilikuwa kimoja. Verna alitoa kioo cha kukuzia, akapiga magoti. Sasa alitazama vitako. Kwenye picha ya ganda la mwambani, alama ya pini ya kufyatulia haikuwa katikati ya fataki, kile kidonge cha kitakoni kinachowasha baruti. Ilikwenda kushoto, kama jicho lenye makengeza, na kwenye ukingo palikuwa na mikwaruzo miwili sambamba. La kwanza lilipigwa katikati. La pili katikati. La tatu kushoto, lakini ukingo safi. La nne, la tano, la sita hapana.

La saba lilikuwa na makengeza. Na mikwaruzo miwili.

Chini yake: L. Stroud, 1998.

Lyle Stroud unamjua. Anapeleka matajiri wa mbali wakapige wanyama, na kila mwaka anawaahidi pembe kubwa kuliko za mwaka jana. Amekodi malisho yale. Ndiye aliyempigia sherifu simu Jumatano kabla jua halijapanda, akataja jina la Orrin bila kuulizwa.

"Lyle anajitengenezea risasi zake mwenyewe nyumbani," Tveit alisema polepole. "Hajanunua boksi la dukani tangu nimjue."

"Safari hii alinunua boksi jekundu. Lile letu."

"Ili ionekane..."

"Ili ionekane."

"Akaacha ganda makusudi." Mzee alitikisa kichwa, na usoni mwake palikuwa na kitu kama hofu. "Alifikiria kila kitu isipokuwa chumba. Bunduki yake ilimwandikia jina, na yeye mwenyewe akalitupa chini."

"Njoo na ubao, mzee."

"Wote?"

"Safu ya chini inatosha."

Mahakamani saa tisa pasingepita sindano. Ulikuwepo. Bunduki ya Orrin ilikuwa mezani kama kielelezo, na ganda la mwambani kwenye mfuko wa nailoni. Mwendesha mashtaka, Bi Haldane, alikuwa ameshasema mara nne kwamba ganda lile ni saini ya mshtakiwa.

Verna aliomba ruhusa ya kufanya jambo moja. Hakimu Whitlock alikubali.

Alilitoa ganda la Orrin mfukoni, akaliingiza kwenye bunduki ya Orrin, akasukuma komeo. Likafunga kwa mlio mdogo laini. Akalitoa. Akachukua ganda la mwambani, akaliingiza, akasukuma. Komeo likagoma, upana wa kidole kabla ya kufunga. Akasukuma tena. Likagoma.

"Bi Haldane," alisema Verna, "karibu."

Mwendesha mashtaka alijaribu kwa mkono mmoja, kisha kwa miwili. Uso ulimwiva. Hakimu alimwita askari wa mahakama, jibaba lenye shingo kama gogo. Askari alisukuma hadi meza ikalia. Komeo halikufunga.

Chumba kizima kilikuwa kimeona kipande cha shaba, kirefu kama kidole, kikikataa kusema uongo. Bi Leona, safu ya mbele, aliweka kiganja mdomoni. Orrin alikuwa anatazama bunduki ya baba yake kana kwamba ndiyo mara ya kwanza anaiona.

Kisha Tveit aliinua ubao wake, akasoma jina la saba kwa sauti.

Stroud hata hakusimama vizuri. "Ile niliuza. Kwenye maonyesho ya silaha. Simkumbuki aliyenunua."

Na sasa sikiliza, maana hapa ndipo ninapotaka damu ikuchemke. Bi Haldane alinyanyuka na kusema ganda linaweza kuwa lilikaa mwambani miaka. Watu wengi hufyatua pale. Lisitiliwe maanani. Asubuhi lilikuwa saini. Alasiri, lilipogeuka na kumtazama mtu mwingine, likawa takataka! Na lori la Orrin, akasema, bado lilionekana barabarani Jumanne.

"Lilionekana likiwa tupu," alisema Verna. "Mheshimiwa, pembe zile zina upana wa mlango. Hazifichiki. Aliyeua alizipakia kando ya barabara jioni, watu wakirudi kazini. Kuna aliyeona."

Hakimu Whitlock alivua miwani. Akautazama umati, safu baada ya safu.

"Kuna aliyeona?"

Hakuna aliyejibu.

"Nitasubiri hadi saa kumi," alisema. "Ganda linanisumbua, nakiri. Lakini ganda halina macho. Nikipata mtu aliyeona pembe zikipakiwa, mshtakiwa anakwenda nyumbani leo. Nisipompata, atabaki ndani."

Orrin aligeuka, akamtafuta Verna kwa macho. "Afisa," aliita, kwa sauti ya chini iliyosikika kote, "mwambie Leona nilisali."

Saa ya ukutani sasa inasema tisa na dakika arobaini na tano.

Uko safu ya tatu, karibu na dirisha, kofia mapajani. Alhamisi asubuhi nilikuwa nyuma yako kwenye foleni ya kahawa pale kituo cha mafuta. Nilikusikia ukimwambia mwenzako: turubai la bluu, ncha za pembe zimechomoza pande zote mbili, lori jeupe la Lyle. Ulisema ulishika pumzi kwa ukubwa wa pembe zile. Ulisema hujawahi kuona kitu kama kile. Mwenzako akakwambia yasikuhusu, ukacheka, ukakoroga sukari. Mimi nikisimama, nitakuwa nimesikia tu. Aliyeona ni wewe.

Zimebaki dakika kumi na nne. Weka kofia chini. Simama.